Pancha Milimani: Mtafute Mwiba Kwanza

Tuseme ni Jumamosi jioni. Binti yako wa kidato cha tatu ameteremka na baiskeli yake ya mbio kutoka Milimani kuelekea Dunga. Karibu na hifadhi ya Impala, gurudumu la nyuma linaishiwa na upepo. Yeye hababaiki, kwani ana tyubu mpya mkobani. Anaibadilisha kwa robo saa, anapanda, na hata mita mia tatu hazijaisha, gurudumu lilo hilo limelala tena. Akiba nyingine hana. Jua linazama ziwani, na hapa kwetu penye ikweta giza halipigi hodi. Punde si punde wenye magari na pikipiki hawamwoni tena.

Ni nini kilichomponza? Si tyubu mbovu wala si uchawi. Mwiba uliotoboa tyubu ya kwanza ulibaki umejificha ndani ya tairi, ukaingojea ya pili.

Milimani ni mtaa wa miti na nyua, na ua la kayaba au bogonvilia likikatwa, miiba yake huishia barabarani. Ile Black Mamba yetu, ambayo ndiyo iliyokuwa bodaboda ya Kisumu kabla ya pikipiki kutawala tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, ina tairi nene na haishtuki ovyo. Baiskeli ya mbio ni bibi harusi. Tairi lake aghalabu lina upana wa milimita 23 hadi 28 tu, na fundi wa kando ya njia, hata awe hodari namna gani kwa Black Mamba, akilichokora kwa bisibisi ataibana tyubu na kukuachia tundu jingine. Katika Tour de France, mashindano ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyashinda mara 4 kati ya 2013 na 2017, anayepata pancha hupewa gurudumu jingine zima na gari la timu. Mwanao hana gari linalomfuata. Basi afadhali ajue kazi hii mwenyewe.

Haya, tuanze. Ikiwa ni gurudumu la nyuma, peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa, legeza breki, kisha litoe. Valvu ya baiskeli hizi ni nyembamba na ina kinati kichwani. Kilegeze, ubonyeze mpaka upepo wote utoke. Sasa kuna siri ambayo wengi hawaambiwi: minya tairi kwa vidole kulizunguka lote, ili kingo zake ziangukie katikati ya rimu, mahali penye kina. Hapo tairi hulegea, na vijiti viwili vya plastiki vinatosha kuukwamua ukingo mmoja. Mmoja tu, wa pili uache mahali pake. Vuta tyubu polepole, ukikumbuka ni upande gani ulioelekea kwenye cheni.

Usiikunje bado. Ipige pampu kidogo na uipitishe karibu na shavu. Utausikia upepo unavyotoka. Ukiwa nyumbani, beseni la maji litakuonyesha mapovu. Ukishaliona tundu, ilaze tyubu juu ya gurudumu, valvu ikae penye tundu lake, na upande wa cheni uwe upande wa cheni. Mahali tundu lilipo ndipo pa kumtafuta mchokozi. Tazama nje ya tairi, kisha pangusa ndani kwa kitambaa, kwani kigae cha chupa hakimchagui mwenye kidole. Kitambaa kikinasa, umempata. Mchomoe, kisha pangusa tairi zima tena, maana miiba haitembei peke yake.

Tundu lenyewe pia husema. Likiwa upande unaogusa tairi, ni mwiba, waya au kigae. Yakiwa mawili sambamba, kama meno ya nyoka, usipoteze wakati kutafuta mwiba: tairi lilikuwa na upepo mdogo, ukapiga shimo la barabara, rimu ikaibana tyubu. Na likiwa upande wa ndani, kagua ule utepe unaofunika vichwa vya spoki; pengine umesogea.

Tyubu mpya itie upepo kidogo, kiasi cha kupata umbo tu. Anza na valvu, kisha ipenyeze yote ndani ya tairi bila kuisokota. Rudisha ukingo kwa viganja, ukianzia mkabala na valvu na kumalizia penye valvu. Mwisho huwa mgumu, na hapo ndipo watu huchukua bisibisi. Usithubutu! Minya tena kingo ziingie katikati, nao utakubali. Sukuma valvu juu kidogo, kisha kagua pande zote mbili kama tyubu haikubanwa.

Kiasi cha upepo kimechapwa ubavuni mwa tairi. Tairi la milimita 25 mara nyingi hutaka kati ya 80 na 100 kwa kipimo cha psi. Pampu ya kituo cha petroli huhitaji kifuniko maalumu cha kuunganishia kwenye valvu hii. Kwa hiyo pampu ndogo na ikae kwenye baiskeli, kando ya vijiti na tyubu ya akiba.

Ile ya zamani izibe nyumbani bila haraka: ikwangue kwa msasa, paka solusheni, ngoja ikauke mpaka isinate sana, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Lakini ikiwa imechanika kwenye shina la valvu, kiraka hakitashika. Ikate mikanda mirefu ya kufungia mizigo kwenye keria, kama wafanyavyo wenye bodaboda.