Mayai katika Maji Baridi: Kumbukumbu za Kituo cha Trauti cha Kiganjo

Samaki aitwaye trauti si mwenyeji wa mito ya Kenya. Mnamo mwaka 1905 trauti wa kahawia kutoka Uskochi walitiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kituo cha kuwatotolesha kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1948. Mito ya baridi ilipandwa samaki hao ili kuwaburudisha wavuvi wa ndoana. Ufugaji wa chakula ulifuata baadaye.

Kazi ya kituo cha namna hii hukumbukwa kwa uangalifu wake. Jike hukamuliwa mayai ndani ya bakuli kavu, kisha manii ya dume hukamuliwa juu yake. Ukavu huo una sababu: manii yaguswapo na maji huchangamka kwa muda usiotimia dakika moja, kisha nguvu zake hwisha. Yakishachanganywa, mayai hupangwa katika trei zipitwazo na maji ya mto usiku na mchana. Maji yakiwa na nyuzi 10 za Sentigredi, vifaranga vya trauti wa upinde wa mvua hutoka baada ya siku 31 hivi. Yakiwa na nyuzi 15, siku 20 hivi. Yai lililokufa hugeuka jeupe. Lisipoondolewa, kuvu humea juu yake na kuyaenea yaliyo hai.

Lakini mikono ya mchambuzi wa mayai haiwezi kuponya madhara yaliyotendeka juu ya mto. Shamba lililimwapo hadi ukingoni, mvua huchukua udongo wake; chembe hizo huyafunika mayai na kuyanyima oksijeni. Miti ya kandokando ikatwapo, jua huyapasha maji joto, na kadiri maji yapatavyo joto ndivyo uwezo wake wa kushika oksijeni upunguavyo.

Trauti mwenyewe naye hula wadudu na viumbe wadogo waliokuwamo mtoni kabla yake. Kwa hiyo kumpeleka katika mto mpya ni jambo la kupimwa kwanza.

Basi trei ya mayai ni kipimo cha mto mzima. Mayai yafapo kwa wingi, afisa mwenye busara hukagua trei zake, kisha hupanda mlimani kuutazama msitu.