Mjumbe wa Bunge na Chama Chake

Mara nyingi watu huuliza: ikiwa raia wamemchagua mjumbe ili awasemee, mbona siku ya kupiga kura hufuata amri ya chama chake? Pa kutafutia jibu ni Bunge la Uingereza, kwa kuwa desturi zake nyingi ziliigwa na nchi nyingine, pamoja na Kenya.

Katika Bunge hilo kila chama kina viranja wake. Jina lao la Kiingereza limetoka katika uwindaji, maana alikuwako mtu mwenye mjeledi ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudisha mbwa waliotoka kundini. Kila juma kiranja mkuu huwapelekea wajumbe wa chama chake orodha ya mambo yatakayojadiliwa. Jambo lililopigiwa mstari mmoja si la lazima sana. Lenye mistari miwili, yampasa mjumbe kuwako. Lenye mistari mitatu, hana udhuru ila ugonjwa au ruhusa ya kiranja. Kengele ikilia, wajumbe wana dakika 8 za kufika, kisha hupita kwa miguu katika kumbi mbili, mmoja wa “Ndiyo” na mmoja wa “Siyo”, huku wakihesabiwa. Hapana siri. Viranja husimama hapo wakitazama nani anapita wapi.

Msomaji asidhani kwamba kazi yao ni kutisha tu. Kiranja ndiye apelekaye manung'uniko ya wajumbe kwa wakubwa, na Serikali yenye akili huurekebisha mswada mapema kabla ya kuaibika mbele ya watu.

Lakini nguvu yake kubwa imo katika vyeo. Kwa sheria ya mwaka 1975, mawaziri wasiozidi 95 waweza kuketi katika nyumba hiyo ya wajumbe 650. Hao wote hawana budi kuipigia Serikali kura, la sivyo wajiuzulu. Na nyuma yao wako wengi wanaotumaini kuitwa kesho, nao wajua kwamba Waziri Mkuu akitaka kumpa mtu kazi, atamwuliza kiranja habari zake. Basi mwenye kutamani cheo hujifunza upesi kunyamaza. Hata hivyo tamaa hiyo si ubaya mtupu. Mtu atakaye kutengeneza hospitali za nchi atafanya mengi zaidi akiwa Waziri wa Afya kuliko akiwa mjumbe wa viti vya nyuma.

Siku iliyopima mambo hayo kuliko nyingi ilikuwa tarehe 8 Mei, 1940. Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani, na majeshi yake yalikuwa yameshindwa huko Norway. Waziri Mkuu, Bwana Neville Chamberlain, alikuwa na wingi wa kura zaidi ya 200, naye kiranja wake mkuu, Bwana David Margesson, alisifika kwa ukali. Chamberlain aliwaita rafiki zake Bungeni wamsimamie. Kura zilipohesabiwa, Serikali ilipata 281 na wapinzani 200. Alikuwa ameshinda, lakini wafuasi wake wapatao 40 walikuwa wamepita katika ukumbi wa wapinzani, baadhi yao wakiwa wamevaa sare za kiaskari, na wengine hawakupiga kura kabisa. Siku ya pili baada ya hapo alijiuzulu, na Bwana Winston Churchill akashika mahali pake. Jambo la ajabu ni kwamba usiku ule Churchill mwenyewe aliitetea Serikali kwa nguvu zake zote, kwa sababu alikuwa waziri wake.

Si kila aasiye chama huambulia sifa. Mwaka 1956, Serikali ya Bwana Anthony Eden ilipopeleka majeshi kwenye mfereji wa Suez, Bwana Nigel Nicolson, mjumbe wa chama cha Conservative kutoka Bournemouth, alikataa kuiunga mkono kwa kura yake. Viranja hawakuwa na haja ya kumwadhibu, kwani wanachama wa jimbo lake walimgeukia wenyewe. Mapema mwaka 1959 wanachama hao walipiga kura juu yake, akashindwa kwa kura 91 tu, na katika uchaguzi wa mwaka huo hakusimama tena.

Hata hivyo alikaa kitini mpaka Bunge likavunjwa, kwa kuwa katika Uingereza mjumbe aliyekosana na chama, au hata kukihama, hapotezi kiti. Kenya ilishika njia nyingine. Mwezi wa Aprili 1966 wajumbe kadhaa walipotoka KANU na kumfuata Bwana Oginga Odinga katika chama cha KPU, sheria ilibadilishwa ili wahamao warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa mwezi wa Juni vilishindaniwa viti 29 vya mabaraza yote mawili, na KPU ilipata 9. Katiba ya mwaka 2010 nayo humnyang'anya kiti mjumbe akihamaye chama kilichompeleka Bungeni.

Liko shauri moja la Bunge la Uingereza lililotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, na habari za kwanza za Serikali zilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Wapinzani wa chama cha Labour walilalamika, kama ilivyotazamiwa. Lakini usiku wa tarehe 27 Julai alisimama Bwana Enoch Powell, wa chama kile kile kilichokuwa kikitawala, huku uchaguzi ukikaribia, akasema kwamba haiwezekani Uingereza iwe na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine katika Afrika. Mtu huyo alikuja kuwachukiza wengi mwaka 1968 kwa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, lakini usiku ule hakukisaza chama chake. Wala hakupata hasara: mwezi wa Julai 1960 alifanywa Waziri wa Afya.