Saratani ya Kongosho Inayojitokeza Miguuni

Mgonjwa huanza kwa kulalamikia magoti na vifundo vya miguu. Baadaye kwenye miundi huota vinundu vyekundu vinavyouma vikiguswa. Vingine hupasuka na kutoa majimaji ya kahawia yenye mafuta. Atapewa dawa za baridi yabisi, kisha atapelekwa kwa daktari wa ngozi. Tumbo halipimwi, ilhali chanzo kiko humo, nyuma ya mfuko wa chakula.

Hii ni saratani ya seli za asina. Seli hizo ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya kongosho, zikitengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, lakini saratani yake haizidi asilimia 1 hadi 2 ya saratani za kongosho kwa watu wazima. Zikishaharibika haziachi kazi. Uvimbe huendelea kumwaga lipasi, kimeng'enya cha mafuta, ila sasa humwagika kwenye damu. Ikifika chini ya ngozi na kwenye viungo, lipasi huyavunjavunja mafuta ya mwili. Asidi zinazotoka hushikana na kalsiamu, na kinachobaki, kikemia kabisa, ni sabuni.

Dalili hizi huwapata wachache, takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Hata hivyo, mtu mzima mwenye vinundu na maumivu ya viungo yasiyosikia dawa anastahili kupimwa lipasi. Ni kipimo cha damu tu.

Picha ya CT ikionyesha uvimbe, huchukuliwa kinyama chake cha kuchunguzwa. Hapo ndipo penye hatari ya kukosea, kwa sababu chini ya darubini saratani hii hufanana sana na uvimbe wa seli za homoni, ambao tiba yake ni nyingine. Ili kuzitofautisha, mtaalamu hana budi kutafuta tripsini na protini ya BCL10.

Ikiwa haijasambaa, hukatwa. Ikishafika kwenye ini, hutumika mchanganyiko wa dawa kama FOLFIRINOX. Kinachonipa matumaini ni jeni. Mabadiliko ya KRAS, yaliyomo katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kawaida za kongosho, ni nadra hapa; badala yake baadhi ya wagonjwa wana kasoro za BRAF au BRCA2, ambazo tayari zina dawa zinazozilenga, kama olaparibu kwa BRCA2. Kwa hiyo kinyama kisiishie chote kwenye darubini, kibakizwe cha kupima jeni. Na BRCA2 yenye kasoro ikiwa ni ya kurithi, ndugu wa damu nao wapimwe, maana huongeza hatari ya saratani ya matiti, ovari na tezi dume.