Samaki mudogo anayeingia mu kinywa ya mukubwa

Sisi batu ya Katanga tunajua samaki ya Tanganyika, ya Moero na ya Luapula. Tunajua pia sheria yabo: mukubwa anameza mudogo. Lakini mu bahari kuko samaki moja mudogo ambaye ile sheria haimugusi. Anaingia mu kinywa ya chewa, samaki mukubwa anayekula benzake, anapita katikati ya meno, kiisha anatoka muzima. Na chewa mwenyewe njo anamufungulia mulango.

Ule mudogo hapite santimetre 14. Mwili wake ni wa rangi ya buluu na nyeupe, na mustari mweusi unatoka ku kichwa mpaka ku mukia. Anakaa mu mawe ya matumbawe, ile inayojengwa na vinyama vidogo vya bahari. Anapatikana mu Bahari Nyekundu, ku pwani ya Tanzania na Kenya, mpaka kule Australia. Kazi yake ni kusafisha benzake.

Samaki ya matumbawe beko na vidudu vinavyoshika ku ngozi na kunywa damu, sawa vile kupe ku ngombe. Samaki hana mukono wa kujikuna. Basi anaenda kwa musafishaji. Ule eko na fasi yake, na bageni banaijua. Banafika, banasimama kimya, banafungua mapezi na kinywa, yeye anaanza kazi. Ku kisiwa cha Lizard, mu Australia, mama Alexandra Grutter, mwenye elimu ya bahari, alihesabu: musafishaji moja anahudumia bageni karibu mara 2300 kwa siku, na anakula vidudu karibu 1200.

Mpaka hapa tunaweza kusema: ni urafiki tu. Hapana. Chakula musafishaji anachopenda zaidi si vidudu. Ni ule utelezi wa ku ngozi, unaofanya samaki aponyoke mu mukono ya mama anapomutengeneza. Utelezi ni mali ya mugeni, unamukinga. Musafishaji akiuma pale, mugeni anashtuka mwili muzima. Ni wizi. Sasa, kama anapenda kuiba na kila siku mali iko mbele ya macho, nani anamuzuia?

Redouan Bshary, mwalimu ku iniversite ya Neuchâtel, Uswisi, alipiga mbizi miaka mingi ku Ras Mohammed, mu Misri, juu ya kupata jibu. Aliona kwanza kama bageni bote habatendewi sawasawa. Chewa anaumwa mara chache sana. Sababu kila mutu anaielewa. Samaki anayetembea mbali eko na basafishaji wengine wa kuchagua, kwa hiyo anahudumiwa wa kwanza. Akiibiwa, anaenda zake kwa mwingine. Lakini mukaaji wa pale pale eko sawa mutu wa kambi yenye duka moja tu: anangoja ku mustari. Ule naye hana mukono mutupu. Akiumwa, anafukuza mwizi, anamukimbiza mbio, na mara ya kufuata anatengenezwa vizuri zaidi.

Kuko pia macho ya bengine. Bageni banaongoja zamu banaangalia. Mu 2006, Bshary na Grutter balionyesha kama mugeni anapenda kukaribia musafishaji aliyemuona anafanya kazi vizuri. Na musafishaji naye, akijua anaangaliwa, anaacha kile anachotamani.

Ya tatu iko mu nyumba. Dume na jike banafanya kazi pamoja ku mugeni moja. Jike akiiba, mugeni anakimbia, dume naye analala njaa. Mu 2010, Nichola Raihani na benzake Grutter na Bshary balitoa matokeo ya majaribio. Balileta kibati chenye vyakula viwili: kamba, banayependa sana, na kingine banachopenda kidogo. Jike akigusa kamba, kibati kinaondolewa. Dume alimufukuza jike palepale, na kisha jike alipunguza kugusa kamba. Dume hakuwa anatetea mugeni. Alitetea sahani yake.

Hata hivyo badanganyifu habakosekani. Kuko samaki mwingine mwenye rangi na mustari ile ile, lakini hana ile kazi. Anakaribia sawa musafishaji, anakata kipande cha pezi, anakimbia. Bageni banaoumwa banajifunza kuwa na mashaka, na musafishaji wa kweli anaweza kupoteza bateja kwa kosa ya mwingine.

Faida ya ule mudogo ilionekana alipokosekana. Ku Lizard, benye elimu baliondoa basafishaji ku mawe fulani miaka minane na nusu. Mu 2011 balitangaza hesabu: pale basafishaji habakuwa, samaki walipungua kwa 37 %, na aina zabo kwa 23 %. Hata samaki banaotembea mbali habakupita tena mingi.

Leo basafishaji banavuliwa na kuuzwa mu inchi za mbali, banawekwa mu visanduku vya kioo mu nyumba za batu. Anayenunua anaona samaki moja wa kupendeza. Kule alikotolewa, bageni banafika ku fasi yake, banafungua kinywa, na hakuna anayeingia.