Fahamu: Nani hununua matatu za Nakuru?

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini haina basi la jiji. Anayetoka Pipeline au Free Area kwenda mjini hupanda matatu ya mtu binafsi, ambayo mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo.

Katiba ya 2010 inaipa kaunti usafiri wa umma barabarani, pamoja na trafiki na maegesho. Leseni za magari ya abiria, hata hivyo, hutolewa na NTSA, mamlaka ya serikali kuu. Ndiyo maana kaunti na wenye matatu huvutana zaidi kuhusu steji kuliko kuhusu gari.

Gari lenyewe huchaguliwa na mfuko wa tajiri, yaani mwenye gari. Aghalabu ni van iliyokwisha kutumika Japani, maana Kenya huruhusu mitumba isiyozidi miaka minane. Hufungwa viti 14, mikanda na kidhibiti mwendo, likachorwa mstari wa manjano: masharti ya waziri John Michuki ya mwaka 2004. Linaingia barabarani na deni lake. Dereva na makanga lazima wafikishe hesabu ya tajiri kwanza, kwa hiyo ratiba hakuna. Gari huondoka likijaa.

Je, kaunti inunue mabasi? Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, tena kwa barabara maalumu, ila mabasi yakawa haba na abiria wakarundikana vituoni. Kununua ni rahisi. Vipuri na mafundi ndio mtihani. Heri Nakuru ipange njia na saa, sacco za wenye matatu zilete magari, zilipwe kwa kilomita.