Bao la Wazee Wetu Liandikwe

Mwaka huu jamaa zetu wa Jeppestown tumempoteza fundi wa bao. Mzee wetu huyo alitoka Tanga na bao lake la mninga, akalicheza kila Jumapili uani, nyuma ya Jules Street, na waliomfunga walihesabika. Leo ukiuliza alikuwa akianzaje mchezo, utapata majibu matano kutoka kwa watu watatu.

Wenzetu wa sataranji hawana taabu hiyo. Wolfgang Heidenfeld, mzaliwa wa Berlin aliyewakimbia Wanazi akahamia hapa Afrika Kusini, alikuwa bingwa wa nchi hii mara nane. Alifariki mwaka 1981, lakini michezo yake ipo, hata ule wa aibu. Mwaka 1973, mjini Dublin, alimficha mfalme wake nyuma ya ngome mara mbili katika mchezo mmoja, na sheria inaruhusu mara moja tu. Mpinzani hakuona, naye mwenyewe hakuona! Tunajua kwa kuwa kila hatua iliandikwa.

Bao likikusanywa kete, limekwisha. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja, akaandika michezo yao, akatoa kitabu mwaka 1995. Kwa nini tumwachie mgeni kazi hiyo?

Tazama kuna nini katika kete ya kwanza peke yake. Kila mchezaji ana kete 32: 22 mkononi na 10 ubaoni, yaani 6 nyumbani, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Tukihesabu safu ya mbele kutoka kushoto kwa mchezaji, nyumba ni shimo la 5. Mashimo yenye kete hayatazamani, kwa hiyo anayeanza hawezi kula, hutakata. Ana njia nne tu: shimo la 6 au la 7, kulia au kushoto.

Akienda kulia, kete zake huzunguka kuelekea safu ya nyuma, na mwenzake naye hana cha kula. Akienda kushoto, kete moja huangukia shimo la 4, uso kwa uso na nyumba ya mpinzani. Amemwekea chakula mlangoni! Wengine watasema ni mtego. Mimi nasema ni ukarimu uliozidi, lakini bila michezo iliyoandikwa hatuwezi kumaliza ubishi huu.

Kuandika si kazi ngumu. Wakati wa kunamua kete mpya huingia safu ya mbele tu, basi namba ya shimo na upande vinatosha: "6 kulia", "7 kushoto". Ongeza alama pale mchezaji anapofika nyumbani, kama amesimama au amesafiri. Kwenye mtaji taja safu pia, mbele au nyuma.

Daftari limeshanunuliwa. Wazee wawili waliobaki wamekubali kucheza Jumapili, baada ya adhuhuri, na vijana watashika kalamu kwa zamu. Mwandishi anyamaze, hata akiona kete imelala vibaya. Na yeyote anayekumbuka japo kete tatu za mwanzo za marehemu, aje aziseme mbele ya hao wawili, maana wao ndio waliokaa naye ubaoni.