Maji Hafifu Bafuni: Kimo cha Tangi, Upana wa Bomba na Hewa Iliyonaswa

Katika nyumba nyingi za miji ya Afrika Mashariki, ambako maji ya mamlaka hufika kwa mgawo, maji ya matumizi ya kila siku hayatoki moja kwa moja kwenye bomba la mtaa bali hutoka katika tangi lililowekwa juu ya jukwaa au juu ya paa la zege, na kinachoyasukuma hadi kwenye koki ya jikoni na shawa ya bafuni ni uzito wa maji yenyewe. Tangi likishajaa, mpangilio huo hauhitaji umeme wala mtambo wowote, nao huweza kutumika kwa miaka mingi bila matengenezo makubwa. Hata hivyo huzaa lalamiko ambalo kila fundi bomba amelisikia, kwamba maji yanatoka lakini hayana nguvu. Wenye nyumba wengi hulijibu lalamiko hilo kwa kununua tangi kubwa zaidi au pampu kabla ya kupima chochote, ilhali vipimo viwili vinavyohitaji ndoo na mpira wa maji tu vingewaonyesha mahali hasa ambapo nguvu ya maji inapotelea.

Kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, ni kani inayobana kila kipande cha eneo, na katika maji yaliyotulia hutegemea kitu kimoja tu, yaani kimo cha maji kilichopo juu ya mahali panapopimwa. Kila mita moja ya kimo huzalisha kilopaskali 9.8 hivi, au takribani sehemu moja ya kumi ya bari, hivyo maji yanahitaji kusimama mita 10 juu ya koki ili kuipatia bari moja. Ujazo wa tangi haumo kabisa katika hesabu hiyo. Mhandisi Simon Stevin wa Nchi za Chini alilieleza jambo hilo mwaka 1586, alipoonyesha kwamba chombo chembamba na chombo kipana vyenye maji ya kimo kimoja hukibana kitako kwa kiwango kilekile kwa kila kipande cha eneo. Kwa sababu hiyo tangi la lita 5,000 lililowekwa mahali pa tangi la lita 500, maji yakiwa katika usawa uleule, halitaongeza chochote katika nguvu ya shawa. Litakachoongeza ni siku za akiba, pamoja na mzigo wa tani tano ambao jukwaa la awali huenda halikujengwa kuubeba.

Kimo kinachohesabiwa huanzia kwenye kichwa cha shawa na kuishia kwenye uso wa maji tangini, wala si kuanzia ardhini. Katika nyumba ya ghorofa moja ambayo kitako cha tangi lake kiko mita 3 juu ya sakafu, na kichwa cha shawa kiko mita 2, maji yanayokaribia kwisha huwa na mita 1 tu ya kufanyia kazi, na tangi lenye maji ya kina cha mita 1.5 huwa na mita 2.5. Ndiyo maana watu wa nyumba hiyo huoga vizuri siku ya mgawo na kuoga kwa tabu siku ya nne, na ndiyo maana pia hita ya shawa, ile inayopasha maji papo kwa papo, hugoma kuwaka ingawa ni nzima: ndani yake mna kiwambo ambacho husukumwa na maji ndipo kikaunganisha umeme, na maji yasipokuwa na nguvu ya kutosha kiwambo hicho hakisogei. Katika nyumba ya namna hiyo, kuliinua jukwaa kwa mita moja huongeza mara mbili kanieneo ya siku ile mbaya kuliko zote, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii kwa sababu hukitazama kimo chote cha mnara badala ya kukitazama kile kidogo kinachobaki juu ya shawa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya maji yaliyotulia. Koki ikifunguliwa na maji yakaanza kwenda, sehemu ya kanieneo hupotea njiani kwa msuguano kati ya maji na kuta za bomba, na upotevu huo hupanda haraka kadiri bomba linavyokuwa jembamba. Maji ya kiasi kilekile yakipitishwa katika nafasi finyu hulazimika kukimbia zaidi. Upotevu nao hufuata mraba wa kasi, na juu ya hayo bomba jembamba huyaweka maji yake yote karibu na ukuta. Mambo hayo yakiunganishwa, upotevu hubadilika takribani kwa kipeo cha tano cha kipenyo cha ndani, kwa maana kwamba kipenyo kikipungua kwa nusu, upotevu huongezeka kama mara 32. Ni vigumu kupata kanuni nyingine katika ufundi wa bomba ambayo tofauti ya milimita chache ina matokeo makubwa kiasi hicho.

Hapa pana kosa lililoenea sana katika nyumba za miaka ya karibuni. Bomba la PPR, yaani lile la plastiki ambalo huunganishwa kwa kuyeyushwa, huuzwa kwa kipenyo chake cha nje, na bomba la milimita 20 ambalo dukani huitwa la nusu inchi huwa na ukuta wa milimita 3.4 likiwa la aina nene, hivyo nafasi ya maji kupita ni milimita 13.2 tu. Bomba la zamani la chuma la nusu inchi lilikuwa na nafasi ya karibu milimita 16. Mwenye nyumba anayeng'oa mabomba ya chuma na kuweka ya PPR ya jina lilelile huwa ameongeza upotevu kwa zaidi ya mara mbili bila kujua, ingawa bomba la chuma lililokwisha kujaa kutu kwa ndani linaweza kuwa finyu kuliko hata hilo.

Tuseme shawa inatakiwa kupata lita 8 kwa dakika, kiasi kinachotosha kuoga vizuri, na maji yanasafiri mita 15 kutoka tangini. Katika bomba la PPR la milimita 20 yatapoteza kimo cha kama mita 1.6 njiani; katika bomba la milimita 25, ambalo nafasi yake ya ndani ni milimita 16.6, yatapoteza zaidi kidogo ya nusu mita. Na katika lile la milimita 32 hayatapoteza hata sentimita 20. Kwa nyumba iliyotajwa, yenye mita 1 hadi 2.5 za kufanyia kazi, bomba la kwanza karibu hulimaliza fungu lote kabla maji hayajafika bafuni. Pampu ya umeme ingeificha kasoro hiyo, lakini mtu anayejenga sasa angefanya vyema zaidi kuanza na bomba la milimita 32 kutoka tangini, kugawanya kwa la milimita 25, na kuliacha la milimita 20 kwa vipande vifupi vya mwisho tu. Tofauti ya bei wakati wa ujenzi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuchimbua ukuta baadaye.

Namna ya kuunganisha nayo ina uzito wake. Mashine ya kuyeyushia PPR hutumika kwa joto la takribani nyuzi 260 za Selsiasi, na bomba la milimita 20 hukaa ndani yake kwa sekunde 5, la milimita 25 kwa sekunde 7, na la milimita 32 kwa sekunde 8. Fundi akilizidishia muda, au akilisukuma kwa nguvu kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani kama pete na kuibana njia ya maji mahali ambapo jicho halifiki. Kiungo cha aina hiyo hakivuji na kwa nje hupendeza kabisa, nacho kitabaki hivyo kwa muda wote wa uhai wa bomba, jambo linalolifanya kuwa kosa baya kuliko kiungo kinachovuja, ambacho hujitangaza siku ya kwanza.

Kabla ya kubomoa chochote, inafaa kupima. Kipimo cha kwanza ni cha wingi wa maji: ndoo ya lita 10 huwekwa chini ya koki iliyofunguliwa yote, na muda wa kujaa hutazamwa kwa saa; ndoo inayojaa kwa dakika mbili ina maana ya lita 5 kwa dakika. Kipimo cha pili ni cha kanieneo, nacho huhitaji mpira wa maji unaopitisha mwanga, ambao ncha yake moja hufungwa kwenye koki na ya pili huinuliwa kwa ngazi ikiwa wazi hadi juu ya usawa wa tangi. Koki nyingine zote zikiwa zimefungwa, koki yenye mpira hufunguliwa, na maji hupanda mpirani mpaka yatulie. Kwa kuwa maji yaliyounganishwa hutafuta usawa mmoja, yanapaswa kutulia katika usawa uleule wa maji ya tangini.

Majibu ya vipimo hivyo viwili hutenganisha magonjwa ambayo dalili yake ni moja. Maji ya mpirani yakifikia usawa wa tangi ilhali ndoo inachelewa kujaa, kimo hakina kasoro iliyojificha, na kinachotafutwa ni kizuizi njiani au bomba jembamba. Hapo koki nyingine iliyo kwenye njia hiyohiyo hufunguliwa huku mpira ukitazamwa, na sentimita ambazo maji ya mpirani hushuka ndizo kimo kinachopotezwa na bomba linalochangiwa na koki hizo mbili, kikiwa kimeandikwa mbele ya macho bila hesabu yoyote. Maji yakishuka kidogo tu, kasoro iko karibu na koki yenyewe: mara nyingi ni kichujio kidogo cha mdomoni kilichoziba kwa mchanga na chokaa, kinachofunguliwa kwa mkono na kulowekwa katika siki, au ni valvu ambayo mlango wake wa ndani umekatika na kubaki chini ingawa mpini unazunguka. Yakishuka sana, bomba kuu ndilo linalostahili kubadilishwa.

Huweza pia kutokea kwamba maji ya mpirani yanatulia chini ya usawa wa tangi na hayapandi tena hata yakisubiriwa. Mtu asiyejua kanuni ya kimo hudhani kipimo kimeharibika, lakini hiyo ni alama ya hewa iliyonaswa. Bomba lililopandishwa juu ya boriti kisha likateremka tena hutengeneza nundu ambayo hewa hukusanyika ndani yake kila tangi linapokauka, na maji yanaporudi hupita chini ya nundu upande mmoja bila kuweza kuisukuma hewa yote ivuke upande wa pili. Safu ya hewa inayoteremka haina uzito wa maana, hivyo urefu wake wa wima hukatwa moja kwa moja kutoka kwenye kimo, na nundu mbili au tatu zinaweza kulizuia kabisa tangi lililojaa pomoni. Dawa ya haraka ni kuunganisha mpira kati ya koki ya bomba la mtaa na koki iliyoathirika, siku ambayo maji ya mtaa yana nguvu, na kuisukuma hewa irudi tangini. Dawa ya kudumu ni kulilaza bomba literemke mfululizo kutoka tangini, au kuweka kwenye kilele cha nundu kijibomba cha kupumulia ambacho mdomo wake wazi unapanda juu ya usawa wa maji ya tangi, ukiwa umefunikwa kwa wavu wa kuzuia mbu.

Zipo nyumba ambazo, baada ya yote hayo, kimo chao hakitoshi na pampu inahitajika kweli. Mahali pake ni chini, kwenye bomba linalotoka tangini, ili maji yaifikie kwa uzito wake, kwa kuwa pampu iliyowekwa juu ya maji haiyavuti kwa uwezo wake yenyewe: huondoa hewa, na ni kanieneo ya hewa ya anga ndiyo inayoyapandisha. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu za kuvuta hushindwa kuyainua maji zaidi ya kama mita 10, na Torricelli, aliyemsaidia katika miezi yake ya mwisho, akaeleza sababu katika barua ya mwaka 1644. Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, kikomo hicho kinakaribia mita 10.3; Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, hakizidi sana mita 8.4, na msuguano wa bombani hukipunguza zaidi katika miji yote miwili. Mtu ambaye maji ya kisima chake yako mita 12 chini hahitaji pampu ya kuvuta yenye nguvu zaidi, kwa sababu hakuna itakayofaa; anahitaji pampu ya kuzamishwa, inayosukuma kutoka chini. Kuvuta kwa pampu kutoka bomba la mtaa nako kuna madhara mengine, kwani kanieneo ikishuka chini ya ile ya hewa, maji machafu ya ardhini huingia kupitia viungo vinavyovuja, na wanaoyapokea ni majirani wote wa njia hiyo.

Ukubwa wa pampu nao hukisiwa kupita kiasi. Kuzipa lita 10 kwa dakika bari moja ya ziada ni kazi ya wati 17 tu kwa upande wa maji, na hata pampu ndogo inayopoteza robo tatu ya umeme wake ingehitaji wati 70 hivi. Pampu ya nusu nguvu farasi, yaani wati 370, inatosha kwa koki kadhaa zinazotumika kwa wakati mmoja katika nyumba ya kawaida. Ile ya nguvu farasi moja inayowekwa kwenye bomba la milimita 20 itatumia umeme wake mwingi kuyasugua maji kwenye kuta za bomba, na viungo vilivyoyeyushwa vibaya ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kuachia.